Mgomba Uliozikwa Wanale

Mume wangu Cleophas amenyonga watu wanane, wote kwa kalamu. Msimwogope. Ni mtu ambaye panya akiingia jikoni huniita mimi. Lakini mpe muuaji na karatasi, na kufika ukurasa wa mwisho kutakuwa na kamba, na alfajiri, na kasisi anayetetemeka, na sahani ya chakula cha mwisho ambayo mwenyewe hataimaliza.

Sisi ni Wabukusu wa upande wa Kenya. Cleophas aliletwa Jinja, Uganda, na lori, akiwa utingo, na mimi nikaletwa na Cleophas. Nina mkahawa kando ya barabara kuu. Madereva wa kwetu wanakula kwangu, askari jela wanakula kwangu, hata wanajeshi wa Kimaka wakichoka na chakula cha kambini. Juu ya kaunta nimefunga kamba ya kuanikia nguo, na hapo vinaning'inia vitabu vya mume wangu: vyembamba, majalada mekundu, kila kimoja kisa cha mauaji ya kweli. Dereva aliyekwama mpakani akingoja karatasi za forodha hataki mashairi. Anataka kujua nani alimuua nani, kwa nini, na alikamatwaje.

Na anataka kamba. Hilo Cleophas alijifunza kwa aibu. Kitabu chake cha pili kilimwacha muuaji na kifungo cha maisha, kama ilivyokuwa kweli, na dereva mmoja wa Eldoret akasimama katikati ya mkahawa wangu akakitikisa hewani. "Mwandishi," alisema, "huyu umemhukumu au umemfuga?" Watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Tangu siku hiyo hakuna muuaji wa Cleophas aliyebaki hai.

Niliwahi kumuuliza kama haoni vibaya. Katika nchi hii mahakama bado inaweza kumhukumu mtu kunyongwa, lakini kamba yenyewe haijamgusa raia kwa miaka mingi. Wanakaa tu gerezani, wanazeeka na hukumu zao. "Mimi siongezi kitu," akanijibu. "Jaji amesema anyongwe. Serikali imezembea. Mimi namalizia kazi." Alisema hivyo huku akipuliza chai. Nikamwacha. Vitabu vilikuwa vinatoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikisahihisha makosa ya herufi.

Kitabu cha tisa kilikuwa cha Arnold, fundi wa pikipiki wa Nabuyonga, mjini Mbale. Alikuwa amemchumbia msichana aitwaye Khainza, mwanafunzi wa uuguzi ambaye kwao ni Nkoma. Khainza akaghairi. Arnold akamwomba waende nyuma ya gereji wazungumze, na mazungumzo yalipokwisha Khainza alikuwa amekufa kwa chuma cha jeki. Arnold hakukimbia. Polisi walimkuta ameketi kando ya maiti. Mahakama ikamhukumu kifo, na hadi hapo yote ni kweli tupu. Kisha Cleophas akamnyonga, na kwa kuwa mtu mwenyewe ni Mgisu, kabila la huko Mbale, chakula cha mwisho akampa malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga. Akaongeza kwamba aliyenyongwa harudishwi kwa ndugu zake, serikali humzika yenyewe. Alijivunia sana yale malewa.

Aber ni sajini wa magereza, Mwacholi, mwanamke mrefu ambaye kwa kawaida hula samaki mpaka paka anakata tamaa. Siku moja, kitabu hicho kikiwa kimeshaenea, hakugusa samaki. Alishusha kitabu kile kwenye kamba, akafungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea juu ya kaunta.

"Mama Tyson," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "hii mutu iko hai."

Nikamwambia najua, mzee wangu hupenda kutia chumvi.

"Hapana, sikia. Iko kwa sisi hapa Jinja. Walimutoa gereza ingine wakamuleta. Sasa kesi yake inarudi Mbale. Hapana kusema aliua ama hakuua, hiyo imeisha. Ni adhabu tu, judge anaangalia upya. Inatakiwa watu ya kwao ikuje iseme, huyu ni wetu, akitoka tutamupokea. Ofisa alipigia baba yake simu. Unajua muzee alisema nini? Alisema, wacha kucheza na maiti yangu."

"Maiti gani?"

"Walimuzika, mama. Walisoma kitabu ya bwana yako, wakamuzika."

Nilivuta kiti nikaketi. Wabukusu na Wagisu ni damu moja, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukalazwa, ukaliliwa, ukazikwa badala yake. Ukishafukiwa, mwenyewe amekwisha. Hata akitokea mlangoni kesho yake, hapewi kigoda wala chakula. Aliyezikwa halishwi.

"Na asipokuja mtu wa kwao?" nikauliza.

"Judge ataona mutu yenye hata baba yake hataki. Anaweza wacha ile kifo ikae pale pale." Aber alifunga kitabu. "Mimi simupendi, mama. Najua alifanya nini. Lakini hiyo si sawa."

Cleophas aliporudi nilimweleza yote kabla hajavua viatu. Alisikiliza vizuri, halafu akasema, "Aliua."

"Najua aliua."

"Alimuua mtoto wa watu kwa chuma, Phanice. Mimi nimemuua kwa wino. Linganisha."

"Jaji hakukuomba msaada."

"Na huyo Khainza nani alimsikiliza? Nani anamwekea kesi upya?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Lakini nilikuwa na hasira, na isidhaniwe ilikuwa hasira ya kumtetea Arnold. Sikumpenda Arnold. Nilikasirika kwa sababu mzee mmoja amelilia mgomba, na kilichomliza ni malewa ya mume wangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Cleophas ilikuwa imefika mpaka Wanale, mlima ulio juu ya Mbale.

"Wewe ndiye uliyemzika," nikamwambia. "Nenda ukamfukue."

Akakubali, kwa sharti kwamba niende naye.

Nyumba ya mzee Yekosofati, baba yake Arnold, iko kwenye mteremko wa Wanale, mahali ambapo ukisimama unaiona Mbale yote chini. Alitupokea vizuri. Sisi tulimsalimu kwa Kibukusu, yeye akaitikia kwa Kigisu, na hakuna neno lililopotea. Akamwita Cleophas mwanangu, na hapo kazi ikawa ngumu zaidi. Mume wangu, bingwa wa maneno, alianza na mvua, akaenda kwenye bei ya kahawa, akarudi kwenye mvua. Nilimkanyaga mguu.

"Mzee," alisema, "mimi ndiye niliyeandika kile kitabu."

Yekosofati akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Asante," akasema.

Akatusimulia. Alikuwa akienda kumwona mwanawe katika gereza la kwanza kila alipopata nafasi. Safari moja akaambiwa langoni hayupo hapa, basi, wala hakuna aliyemwambia amepelekwa wapi. Akarudi nyumbani na fumbo hilo. Baadaye mpwa wake, dereva wa malori, akaja na kitabu chekundu, akakisoma kwa sauti hapa uani na kukitafsiri. "Bado nilikuwa na shaka," mzee alisema, "mpaka alipofika kwenye malewa. Ndicho chakula marehemu mama yake alichokuwa akimpikia mtoto akiugua. Nikasema, huyu aliyeandika alikuwepo. Alimwona mwanangu akila."

Cleophas akanitazama. Nami nikautazama mgomba uliokuwa karibu, nikajuta, nikatazama kwingine.

"Sikuwepo, mzee," akasema hatimaye. "Malewa niliyatunga. Nilijua kila Mgisu anayapenda. Na kamba niliitunga. Arnold yuko hai, yuko Jinja, na siku si nyingi ataletwa hapa Mbale mahakamani. Wanakuhitaji ukasimame."

Mzee aliuachia mkono. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea nusu. Hakutukana. Aliinuka akatupeleka nyuma ya nyumba, penye kaburi dogo lililopaliliwa vizuri.

"Watu waliogopa kuja kwenye msiba huu," alisema. "Nani anamlilia muuaji? Tulikuwa sisi wa nyumbani tu. Halafu akapanda mlima Topista, mama yake Khainza, peke yake, kutoka Nkoma. Akachukua udongo akautupa. Kisha akaketi akala kwangu. Wewe ni Mbukusu, unajua maana yake. Tangu mtoto wake afe, tukikutana sokoni mmoja wetu alikuwa anageuza njia, maana damu iko katikati. Siku ile akala kwangu. Sasa ananisalimu. Nikienda kusimama mbele ya jaji nikasema mwanangu yuko hai, nitakuwa nimemlisha yule mama uongo."

"Uongo ni wangu," Cleophas alisema.

"Uliandika wewe. Niliyemlisha ni mimi."

Akatuambia kwamba Arnold afe kwa kamba au afe kwa uzee, kwake yeye amekwisha kufa, na turudi salama. Alisema kwa sauti imara kabisa. Kisha akageuka akaanza kuokota majani makavu juu ya kaburi.

Tulipofika mjini Cleophas alisema hawezi kumtazama mama wa Khainza usoni. Nikamwacha na soda yake kwenye kibanda, nikachukua boda boda mpaka Nkoma. Nilikuwa nimeamua kumwambia Topista ukweli na kumwomba amfungue yule mzee kwa neno moja. Kama ningemtonesha kidonda, basi ningekuwa nimemtonesha. Njia nzima nilijisikia vibaya.

Topista ni mwalimu, na Kiswahili alikisomea kwetu Kenya, kizuri kuliko changu. Nilimwambia mimi ni mke wa nani. Aliingia ndani akatoka na kitabu, amekifunika jalada la kaki kama daftari la mwanafunzi.

"Mwalimu," nikasema, "nisamehe kwa ninalokuletea. Arnold hakunyongwa."

"Najua."

Nikadhani hakunielewa. Nikarudia.

"Mama, nasikiliza redio," alisema. "Siku watakapomnyonga mtu katika nchi hii, tutasikia redioni kabla ya kusikia kwa dereva wa lori."

"Ulijua, na ukapanda mlima kutupa udongo?"

"Niliambiwa kuna mazishi. Nilikuwa nimechoka. Miaka yote ile nilikuwa naamka na Arnold kichwani kabla sijamkumbuka mwanangu mwenyewe. Nilitaka azikwe. Wakaniambia kinachozikwa ni mgomba. Nikasema, mgomba utatosha."

"Kwa hiyo ulimsamehe."

Hapo alinikazia macho, nikajua nimekosea. "Nani ametaja neno hilo? Nyinyi watu wa vitabu mna miisho miwili tu, kamba au msamaha. Mimi nilimzika. Ni kitu kingine."

Akafungua kile kitabu, akafunua kurasa polepole, bila hasira, kama anayesahihisha. "Mumeo anajua kuandika. Arnold yumo humu mzima mzima. Utoto wake, kifo cha mama yake, macho yake, vidole vyake vya ufundi. Nilifika mahali nikamwonea huruma mimi mwenyewe, mimi mama wa Khainza, nikakirusha kitabu ukutani. Mwanangu ana kurasa tatu. Zote tatu amelala chini. Na gauni si jekundu. Khainza hakuwahi kuwa na gauni jekundu."

Nilikumbuka sentensi hiyo ya gauni. Nilikuwa nimeisoma kutafuta makosa, nikaona haina kosa. Nikasema pole, na pole ikabaki hewani, haina pa kukaa.

Mwishowe nikamweleza habari za Yekosofati, kwamba anaogopa kusimama mahakamani kwa sababu alimlisha. Topista alifunga kitabu akakiweka magotini. Nilijua ninachomwomba: ayaokoe maisha ya mtu aliyemuua mwanawe, kwa faida ya baba wa mtu huyo. Mimi singeweza. Tyson wangu akiguswa, mgomba hautanitosha.

"Mwambie," alisema, "chakula nilichokula kwake kilikuwa chakula. Zaidi ya hapo sina la kumwambia."

Nilimpigia mzee simu nikampa maneno hayo kama yalivyo. Alisikiliza, akashukuru, akakata. Hakusema atakwenda wala hatakwenda.

Siku ya mahakama tuliketi nyuma, mimi na Cleophas, kalamu yake ikiwa mfukoni. Arnold aliletwa. Kwenye jalada letu ana kifua kipana na jicho kali. Huyu alikuwa mtu mkonde mwenye upara, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aber alisimama kando yake, sare imenyooka. Mzee hakuonekana.

Jaji, mtu mwenye sauti ya chini, akauliza kama jamaa za marehemu wana neno. Topista akasimama, akasema Kigisu chake, na mkalimani akawa anafuata.

"Mheshimiwa, huyu mimi nilikwisha kumzika. Nilitupa udongo kwa mkono huu. Mtu hazikwi mara mbili."

Mkalimani alisita, akamwangalia, akatafsiri nusu. Jaji akamwomba aeleze: anataka mshtakiwa anyongwe au hataki?

"Mkimnyonga, nitaitwa tena msibani. Sipandi tena ule mlima kwa ajili yake. Mpeni miaka, mingi. Na msiniulize tena habari zake." Akaketi.

Jaji akauliza upande wa mshtakiwa kama kuna ndugu. Wakili akatazama karatasi zake. Arnold akatazama sakafu, kama mtu aliyezoea jibu. Aber alikuwa anatazama mlango, na niliona anavyoutazama, nikageuka. Yekosofati alikuwa amesimama pale na koti lake la kanisani, amekumbatia bakuli la plastiki lenye kifuniko. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi.

"Mimi ni baba yake," alisema. "Yeye ni mwanangu. Akitoka nikiwa hai, nitampokea."

Arnold alipoisikia sauti ile alitoa mlio mdogo, akajiziba mdomo kwa mikono yenye pingu.

Jaji alimwondolea kifo akampa miaka, mingi kama Topista alivyotaka. Mzee hataiona ikiisha. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na yeye alilijua kabla yetu.

Kwenye ukumbi wa nje, kabla hawajamrudisha kwenye gari, mzee alimfuata Aber. "Afande, naruhusiwa?" Akafungua bakuli. Malewa, bado yana joto.

Aber alitazama huku na huku. "Muzee, onja kwanza. Hiyo ni sheria."

Akaonja. Alitafuna polepole, akameza, akangoja kama askari anavyotaka. Kisha kijiko kile kile akakijaza akakipeleka kinywani mwa mwanawe, kwa sababu mikono ya Arnold ilikuwa imefungwa. Aliyezikwa halishwi, na yule mzee anaijua mila kuliko mimi. Akamlisha kijiko baada ya kijiko, akimfuta kidevu kwa kidole, na Arnold akala huku machozi yanaingia kwenye karanga. Cleophas aligeukia ukuta. Mimi nilishindwa. Nililia kwa sauti, pale pale, mbele ya mawakili.

Nilipofungua macho Topista alikuwa mbele yangu na mkoba wake, anaondoka. Alikuwa ameona yote niliyoyaona. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Unamlilia nani, mama?" aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mwalimu anayetaka kujua kweli.

Nilitaka kusema namlilia Khainza. Lakini Khainza sikumjua. Nilimsoma katika kurasa tatu tu, na katika zote tatu alikuwa amekwisha kufa.